Bolti Kumi na Tisa Chini ya Nguzo ya Mzee Athumani

Saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi, siku ya Jumamosi, sinia la chini ya giaboksi la gari la Bi Tatu liliachia, na mafuta yakaanza kumiminika kwenye karai langu. Nilitazama saa kwa sababu hesabu yangu yote ya siku hiyo ilianzia hapo: saa moja ya kuacha mafuta yachuruzike, saa moja na nusu ya kufunga chujio jipya na kurudisha sinia, nusu saa ya kujaza na kupima. Saa saba kamili gari liwe barabarani. Palikuwa na ziada ya kutosha, hata ya kunywa chai mara mbili.

Ninyi vijana mnaojifunza ufundi sasa mtasema kazi hiyo ni ndogo, mmeiona kwenye simu. Ni kweli ni ndogo. Nimeifanya miaka mingi hapa Kibiti, uani kwangu, juu ya udongo mtupu, mpaka mgongo uliponikataza kulala chini ya magari. Lakini kwenye simu hamwoneshwi majirani.

Bi Tatu alikuwa mjane, mfanyabiashara wa kamba wakavu, mwenye Noah ya rangi ya fedha iliyokwisha kuchoka kabla hajainunua. Siku zingine alibeba kamba, siku zingine abiria, na gari lilinuka vilevile siku zote. Jumamosi ile alikuwa amekodiwa kwenda Nyamisati kumpokea bwana harusi na jamaa zake, waliokuwa wakija kwa boti kutoka Mafia. Boti ingefika saa tisa. Harusi ilikuwa Mtunda, baada ya alasiri. Alikwisha kupokea nusu ya nauli na kuitumia. Tena kulikuwa na kijana mmoja, Selemani, mwenye Noah nyeupe, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akiwaambia watu kuwa gari la Bi Tatu likipanda kilima hupiga kelele na kubaki palepale. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililomkera Bi Tatu. Akikosa safari ile, wateja wote wa Nyamisati wangehamia kwa Selemani, na yeye angebaki na kamba wake.

Aliniletea gari Ijumaa jioni. Sikuligusa. Asubuhi nililiendesha kidogo, nikarudi nalo uani. Shikeni hili: mafuta ya giaboksi yakiwa baridi hayatoki yote, yanabaki yamejishika ndani kama uji kwenye sufuria. Yakiwa yamechemka yatakuunguza mkono. Yakiwa na uvuguvugu, yanatoka na uchafu wake. Halafu usilale chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Mimi nilitumia magogo ya mkorosho yaliyokatwa sawa, mawili kila upande, na jeki nikaiacha hapohapo kama shahidi. Fundi mmoja wa Ikwiriri alinicheka kwa magogo yale, akasema ninajenga banda la kuku. Yeye alitumia matofali ya kuchoma. Siku tofali lilipopasuka alikuwa ametoka kwenda kununua sigara, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa sigara ni mbaya.

Aliyenifundisha giaboksi za otomatiki alikuwa Fundi Maulidi. Tulipoanza, magari yote huku yalikuwa ya kukanyaga klachi, na gari lisilo na klachi tuliliona kama mtu asiye na shingo. Maulidi alinunua giaboksi moja iliyokufa, akaitandika juu ya mkeka, tukaifungua kipande kwa kipande na kuifunga tena, mpaka mke wake akaudai mkeka. Yeye ndiye aliyenifundisha kunusa. Mafuta mazuri ni mekundu na hayana harufu kubwa. Yakinuka kama mkate ulioungua, sahani za ndani zimeungua, na hapo usimdanganye mwenye gari kwamba chujio litaliponya. Ya Bi Tatu yalikuwa ya kahawia, lakini harufu yake ilikuwa bado ya heshima. Nikamwambia kuna matumaini. Akasema hakuniletea gari nimpe matumaini.

Sinia lile linashikwa na bolti ndogo kumi na tisa, kichwa namba kumi. Zilegeze kuanzia kona moja, sinia liiname, mafuta yashukie upande mmoja. Ukizilegeza zote kwa pamoja utaoga. Maulidi alikuwa na desturi yake, nami niliirithi: bolti zote, pamoja na ile sumaku ya mviringo inayokaa ndani ya sinia kukusanya unga wa chuma, unazitumbukiza ndani ya karai la mafuta yanayotoka. Uani kuna kuku, kuna mchanga, kuna watu wanaopita kusalimia na kupiga mateke vitu. Ndani ya mafuta hakuna kinachopotea. Bolti tatu za chujio niliziweka mfuko wa shati, kwa kuwa moja ni ndefu kuliko wenzake na sikutaka zichanganyike.

Nikaacha mafuta yakichuruzika, nikaenda stendi kununua chujio na mafuta mapya. Dukani nilikuta chujio la gari lingine ndani ya boksi la gari hili, tukabishana na muuzaji kwa adabu mpaka akapanda ngazi na kushusha lenyewe. Niliporudi ilikuwa saa nne na nusu. Chini ya gari palikuwa pakavu. Karai langu lilikuwa limeegemezwa ukutani, limeinamishwa, limeoshwa kwa sabuni na majivu mpaka linang'aa. Tangu nilinunue halijawahi kuwa safi kiasi kile.

Nilimwuliza mke wangu, Mama Hadija. Akajibu bila kuacha kuchambua mchele kwamba Mzee Athumani amekuja kuchukua oili chafu yake, na amerudisha karai mwenyewe, mtu mstaarabu sana.

Hapa inabidi niwaeleze wale ambao hamkukulia huku. Oili chafu ya fundi haitupwi. Nyumba zetu zinasimama juu ya boriti za mikoko, na mchwa wa Kibiti hawana dini. Mtu anayejenga hupaka nguzo zake oili chafu, na inayobaki huimimina kwenye shimo kabla ya kusimika. Kwa hiyo kila fundi ana foleni ya majirani waliokwisha kuomba, na foleni hiyo inaheshimiwa kuliko ya hospitali. Mzee Athumani, jirani yangu, mtu wa milima ya Umatumbi, alikuwa amengojea zamu yake tangu kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mimi mwenyewe nilimwambia Ijumaa: kesho nafungua gari, oili ni yako. Sikumwambia lolote kuhusu bolti. Nani humwambia jirani habari za bolti?

Nilikwenda kwake nikitembea haraka ila sikukimbia, maana ukikimbia watu hukufuata. Nilimkuta amekaa na wazee watano na Mwalimu Hamza wa madrasa, wakinywa kahawa na kula visheti. Mbele yao ilisimama nguzo moja, nyeusi, imepakwa mpaka juu, imeshindiliwa vizuri. Ilikuwa nguzo ya kwanza ya nyumba ya mtoto wake wa kike aliyekuwa anarudi kutoka Dar. Dua ilikuwa imesomwa robo saa iliyopita.

Nikatoa shikamoo kwa wote, nikakaa, nikapewa kahawa. Huwezi kuanza na bolti. Niliuliza hali ya mgongo wake, akauliza wangu. Ndipo nikamwuliza kama aliona kitu chochote chini ya yale mafuta.

"Niliona changarawe," alisema. "Nikasema jirani yangu huyu ana roho, kaniwekea na kokoto nguzo ishike."

"Zile zilikuwa bolti, mzee wangu."

"Za nini?"

"Za gari la Bi Tatu."

Alifikiri. Macho yake yalikuwa yameanza ukungu, na tangu mwanzo alipaka nguzo kwa kumbi la nazi, akipapasa. "Basi ziko pazuri," alisema. "Nilizimwaga zote shimoni kwanza, halafu nguzo juu yake."

Wazee walicheka. Mmoja akasema hiyo sasa ndiyo nyumba ya kwanza Kibiti yenye giaboksi. Mwingine akauliza kama ikiwashwa itarudi milimani yenyewe. Mzee Athumani akajibu kuwa nyumba za watu wa milimani zinakaa zilipowekwa, ni za watu wa bondeni zinazohama na mto kila ukijaa. Mimi nilicheka pia, huku natazama saa. Ilikuwa inakaribia saa tano.

Nilipomwomba tuing'oe nguzo, kicheko kilikatika. Nguzo ya kwanza iliyosomewa dua haing'olewi. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba mtoto wake akija kuumwa, au mumewe akimwacha, watu watasema ni ile nguzo iliyong'olewa siku yake ya kwanza, na yeye ndiye atakayekuwa akisemwa, si mimi. Nikamwambia ninamwelewa, na nilimwelewa kweli. Nikamwambia pia kwamba bila bolti sinia halifungiki, na bila sinia gari haliendi. Akanishauri ninunue nyingine. Nikamweleza kuwa dukani stendi kuna bolti za namba ile ndefu na nene, na bolti ndefu ukiikaza kwenye tundu fupi inapasua nyumba ya giaboksi. Akasema hilo analielewa, lakini halimhusu.

Bi Tatu aliingia uani wakati huo. Mama Hadija alikuwa amempa habari. Alisimama mbele ya nguzo, akaitazama toka chini hadi juu, kama anayekagua mchumba.

"Baba Hadija," aliniambia, "mimi nilikupa gari. Sikukupa sadaka ya msingi."

Akamgeukia Mzee Athumani, akampigia magoti, akamwamkia. Kisha akamweleza polepole: gari likilala leo, Selemani atapata safari ile, na zote zitakazofuata, na hataweza tena kulipa ada ya wanawe wala deni la gari. Hakulia. Alisema hataki kuharibu nyumba ya mtoto wa mtu, ila na yeye ana nyumba. Mzee Athumani alitazama chini, akasema uamuzi si wake, dua ilisomwa na Mwalimu.

Sote tukamtazama Mwalimu Hamza. Alikuwa anamalizia kisheti, bila haraka.

"Bibi," alimwuliza Bi Tatu, "bwana harusi unayemfuata ndiye wa Mtunda? Anayeoa kwa Mzee Kassimu?"

"Ndiye huyo."

Mwalimu Hamza akafuta vidole. Yeye ndiye aliyealikwa kufungisha ndoa ile, na alikwisha kualikwa pia kwenye ndoa nyingine, nyumba ya pili, baada ya hapo. Akatazama saa yake. "Dua tumeiombea nyumba," alisema, "hatukuliombea shimo. Fukueni. Tutasoma tena."

Mzee Athumani alikubali papo hapo, ila akaongeza kuwa wazee hawa wamesoma dua moja na kula visheti, na dua ya pili ikilishwa visheti itaonekana ni ya majaribio. Inataka wali. Nikauliza wali wa nani. Wazee wote watano waliniangalia kwa upole.

Basi tulifukua. Udongo ulioshindiliwa na kulowa mafuta haufukuki, unanyonya jembe. Nguzo ilipotoka na shimo likabaki, niliinama na kupeleka mkono chini hadi begani, uso wangu ukiwa juu ya mchanga na wazee wakinielekeza kushoto na kulia kana kwamba wao wanaona. Nikagusa kitu kigumu cha ukubwa wa ngumi. Nikakivuta. Ilikuwa ile sumaku, na bolti zimeing'ang'ania pande zote, zimejaa mchanga, mfano wa nungunungu aliyezaliwa kabla ya siku zake. Nilizihesabu hapo hapo: kumi na tatu. Niliifunga sumaku kwa kamba, nikaiteremsha tena na kuizungusha polepole chini ya shimo, ikapanda na mbili, ikapanda na moja, ikapanda na mbili. Tukawa na kumi na nane. Baada ya hapo ilipanda na unga wa chuma tu, na msumari wa zamani ambao Mzee Athumani aliudai kuwa ni wake.

Bolti ya kumi na tisa haikupatikana. Sisitizeni mnavyoweza, kuna wakati unaacha. Niliwaambia wasimike nguzo yao, nikampa Mwalimu elfu tano ya dua ya pili, nikarudi uani mbio. Hapo nilikimbia kweli, na kweli walinifuata.

Kazi iliyobaki niliifanya bila pupa, kwa sababu pupa ndiyo inayoleta kazi ya pili. Niliosha bolti kwa petroli, moja moja, nikapitisha mswaki kwenye meno yake, maana punje moja ya mchanga inatosha kula uzi wa aluminiamu. Nilifuta sinia kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Chujio la zamani nililiweka kando, ingawa Bi Tatu alitaka nilioshe na kulirudisha, kama walivyomfanyia kwingine. Msioshe chujio la giaboksi. Uchafu ulioingia ndani hautoki kwa petroli, unajipanga tu vizuri zaidi. Na gasketi ya sinia, inayokuja na chujio, ikiwa mpya na sinia limenyooka, msipake silikoni. Kuna kijana mmoja aliwahi kufanya kazi kwangu siku nne, akapaka silikoni kama siagi ya harusi, nyingine ikabanwa ikaingia ndani, ikaziba chujio jipya. Gari lilitembea mpaka mtoni, likakataa kurudi.

Kwa tundu la kumi na tisa nilitumia bolti ya kibao cha namba za gari. Uzi ulikuwa uleule, urefu ulizidi. Niliikata kwa msumeno wa chuma, nikasawazisha kwa tupa, nikaijaribu kwa vidole kwanza hadi mwisho kabla ya kugusa spana. Kibao kikabaki kimeshikwa na bolti moja na waya. Nikakaza zote kwa kupishana, kutoka katikati kwenda pembeni, kwa nguvu ya kifundo cha mkono, si ya bega.

Likaja suala la mafuta. Kawaida yangu ni kupima yaliyotoka na kurudisha kiasi kilekile. Yaliyotoka sasa yalikuwa kwenye nguzo. Nilimwomba Mzee Athumani ndoo aliyoibebea. Ndani yake palikuwa na mstari wa mafuta unaoonekana wazi. Nikaijaza maji mpaka kwenye mstari, nikapima maji kwa chupa ya lita moja, nikapata lita sita kasoro. Nilishangaa, sinia lile huwa halitoi hata tano. Nikaanza kuwaza giaboksi ilikuwa imejazwa kupita kiasi tangu zamani, na kwamba labda hiyo ndiyo iliyokuwa shida yake yote. Nilikuwa nimeijenga hoja nzima kichwani, nzuri kabisa, Mzee Athumani aliposema, "Pamoja na mafuta ya taa niliyochanganya, lakini."

Nikaweka lita tatu. Nikawasha injini, nikapitisha gia zote taratibu, nyuma na mbele, nikisubiri kila moja ishike. Nikachomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa inaunguruma, nikaongeza nusu, nikapima, nikaongeza kidogo tena. Giaboksi hupimwa ikiwa imepata moto, kwa hiyo kipimo cha mwisho kilitaka safari. Nikapanda gari nikiwa na mafuta mpaka masikioni, chupa mbili miguuni. Ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi.

Barabara ya Nyamisati sitaieleza, wanaoijua wanaijua. Bi Tatu ndiye aliyeendesha. Gia ya pili iliingia bila kelele, ya tatu ikaingia bila kelele, na kila ilipoingia alinitazama kwa jicho la pembeni kana kwamba nimeficha kelele mahali. Katikati ya njia nilimwomba asimame palipo tambarare. Nikapima, nikaongeza kikombe kimoja, nikapanda.

Tulifika saa tisa na dakika arobaini. Boti ilikuwa imeshafika na kushusha. Jamaa wa bwana harusi walikuwa wamekaa juu ya mafungu ya boriti, wamevaa vizuri na wamenuna vizuri. Mizigo yao ilikuwa tayari juu ya Noah nyeupe, na bwana harusi mwenyewe, kanzu yake imepigwa pasi, alikuwa ameketishwa kiti cha mbele. Selemani alikuwa anafunga kamba ya mwisho. Shangazi wa bwana harusi alimwambia Bi Tatu kwamba hawakulipa nusu ya nauli ili waje kuanikwa kama kamba wake.

Bi Tatu aliomba radhi kwa shangazi, kwa kirefu na kwa adabu. Kisha akaenda kufungua mlango wa Noah nyeupe.

"Mwanangu, teremka," alimwambia bwana harusi. "Mwalimu atakayekuoza leo, asubuhi amefukulisha nguzo ya nyumba ya watu ili gari hili lije likuchukue. Ukienda na jingine, ukamweleze mwenyewe."

Bwana harusi alimtazama shangazi. Shangazi aliuliza nguzo gani. Bi Tatu akamweleza, tangu karai mpaka wali, na alipofika kwenye mafuta ya taa mama mmoja alikuwa ameshaegemea boriti kwa kucheka. Bwana harusi akateremka, akishika kanzu yake juu isiguse vumbi, akaingia kwenye gari linalonuka kamba. Mizigo ikahamishwa.

Selemani hakugomba. Alikuja kwangu, si kwa Bi Tatu, akasema amepakia na sasa anapakua, na kazi zote mbili zina bei. Nilimwona ana haki. Nilimpa elfu kumi.

Ndoa ilifungwa Mtunda kabla ya magharibi. Bi Tatu alilipwa nusu yake iliyobaki yote, na wiki iliyofuata shangazi yule alimpigia simu kukodi gari la kurudia. Mimi alinilipa elfu arobaini ya ufundi tuliyopatana, mbali na chujio na mafuta. Aliuliza kama aniongeze, nikasema bei ni bei. Jumapili tukawalisha wazee wa dua ya pili. Walikuwa watano wa kwanza na wengine sita waliosema walikuwepo. Wali, kuku, sukari na kahawa vilifika elfu thelathini na moja na mia tano. Ukijumlisha ya Mwalimu na ya Selemani, kwa kazi ile ndogo nilipata hasara ya shilingi elfu sita na mia tano.